UZI: Baiskeli juu ya tuta la reli ya zamani lililowekwa lami – maandalizi kwa anayetokea Dar

#1 GiaTatu_Tabata

Wakuu, habari za leo. Kila mwaka wapo wenzetu wa Dar wanaokwenda kwa ndugu zao Marekani, Uingereza au Ujerumani na wanatamani kuendesha baiskeli kwenye zile njia za mashambani zilizojengwa juu ya reli zilizokufa. Reli na mataruma viling'olewa, tuta likabaki, likasawazishwa na kumwagiwa lami. Magari hayaruhusiwi, ni baiskeli na watembea kwa miguu. Swali ni lile lile kila mara: kama ni tambarare, kuna cha kujiandaa? Kipo, na kingi kinatokana na huo utambarare wenyewe.

Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza upesi, kwa hiyo wajenzi wa reli waliogopa mlima. Walikata vilima, wakajaza mabonde, wakachimba mahandaki, ili mwinuko mara nyingi usizidi asilimia 2. Jicho halioni mwinuko wa asilimia 1, ila miguu inauona. Tufanye hesabu: mtu, baiskeli na mzigo jumla kilo 90, mwendo kilomita 20 kwa saa, lami nzuri, hakuna upepo. Kupasua hewa kunakula kama wati 50, tairi wati 30. Jumla 80. Weka mwinuko wa asilimia 1 unaongeza karibu wati 50. Yaani umetoka 80 hadi 130 na bado unaona njia imelala.

Na kilomita 30 za asilimia 1 ni mita 300 za kupanda. Ukipanda Pugu unaumia, halafu unashuka miguu imetulia. Kwenye tuta la reli hakuna kushuka kwa namna hiyo. Unakanyaga saa tatu mfululizo, umekaa mkao mmoja, viganja mahali pamoja. Wengi hawaishiwi pumzi, wanaishia makalio, viganja na shingo. Naomba wenye uzoefu waongezee: njia zipi, tairi, gia, hatari za njiani, kufunga baiskeli kwa ndege.

#2 MwanaKigamboni

Asante kwa uzi mkuu. Naomba tuanze na njia zenyewe. Zipi zina lami kweli? Nyingine ukisoma unakuta ni changarawe.

#3 Ramani_Mkononi

Hilo ni la kwanza kuuliza kabla ya kuchagua tairi. Nchini Marekani njia nyingi zilizo maarufu zaidi hazina lami. Elroy–Sparta ya Wisconsin, inayotajwa kama mojawapo ya za mwanzo kabisa kugeuzwa kutoka reli (miaka ya 1960), ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Katy Trail ya Missouri na Great Allegheny Passage ya Pennsylvania na Maryland nazo ni mawe yaliyosagwa. Yakikauka yanapitika vizuri, yakinyeshewa yanashika tairi na kula nguvu.

Zenye lami: W&OD ya Virginia, kama kilomita 72 kutoka Arlington hadi Purcellville, upana kama mita 3. Wenye ndugu maeneo ya Washington hii ndiyo ya kuanzia. Upande wa mashariki ni mjini na ina msongamano, mashamba unayapata ukishapita Leesburg. Paul Bunyan ya Minnesota, zaidi ya kilomita 180, misitu na maziwa, vijiji viko mbali kimoja na kingine. Withlacoochee ya Florida, kama kilomita 74, joto na unyevu wake mtu wa Dar hashangai. Trail of the Coeur d'Alenes ya Idaho, kama kilomita 117. Ile lami ya Idaho ina kazi ya ziada: chini yake kuna udongo wenye risasi na metali nyingine kutokana na migodi, na lami imeufunika. Kwa hiyo mabango ya pale yachukulie kwa uzito: usitoke nje ya njia, nawa mikono kabla ya kula, usinywe maji ya mtoni.

Ulaya, kwangu Vennbahn inaongoza: kilomita 125 kutoka Aachen, Ujerumani, kupitia Ubelgiji hadi Troisvierges, Luxembourg. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza tuta la reli lilipewa Ubelgiji, na hadi leo zipo sehemu ambapo kushoto na kulia kwako ni Ujerumani lakini lami unayokanyaga ni Ubelgiji. Uingereza kuna Bristol hadi Bath, kilomita 21, iliyojengwa kwa vipande kati ya 1979 na 1986. Inafaa kwa siku ya kwanza ya kuuzoea mwili.

#4 SpokuMoja

Tairi. Kwa lami tupu 28 mm inatosha, lakini lami ya mashambani haifanani na ya katikati ya mji. Chukua 32 hadi 38 mm zenye meno madogo. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi ya 35 mm na mzigo mdogo: nyuma PSI (kipimo cha presha ya hewa) 55, mbele 45 hadi 50. Ukibeba mifuko ya pembeni ya keria ongeza 5 nyuma.

Sasa valvu, maana hapa ndipo watu hukwama kijijini. Aina ni tatu. Ya kwanza kama ya gari, nene, unajaza popote penye bomba la gari. Ya pili nyembamba ndefu yenye kijiskrubu juu: legeza kijiskrubu kwanza, kigonge kidogo hewa itoke, ndipo ujaze. Ya tatu ile ya Phoenix zetu, na Ujerumani bado ipo kwenye baiskeli nyingi za kawaida. Ukikodi baiskeli huko angalia valvu kabla hujanunua tyubu ya akiba. Na pima urefu wa valvu ukilinganisha na kimo cha rimu. Valvu fupi kwenye rimu ndefu, bomba halishiki.

#5 Kariakoo_Express

Mkuu Spoku, 55 si itakuwa laini mno? Mimi nilijua lami inataka tairi ngumu, 80 na kuendelea.

#6 SpokuMoja

Kaka, 80 ni ya tairi nyembamba. Tairi ya 35 mm ikiwa ngumu kama jiwe inaruka kwenye kila ufa, na kila mruko ni nguvu iliyopotea na kiganja kilichopigwa. Vilevile soma ubavu wa tairi, kuna kiwango cha juu kimeandikwa, na tairi nyingi za 38 mm zinaishia 70 au 75. Ukizidisha kwenye rimu isiyolingana nayo tairi inaweza kuchomoka.

Kinyume chake, ikiwa laini mno utajua kwa pancha yenye matundu mawili yaliyokaa sambamba. Hiyo haikuchomwa na kitu. Tyubu ilibanwa kati ya rimu na ukingo wa lami au daraja. Ongeza PSI 5.

#7 FundiWaMagomeni

Niongeze la gia na siti, kwa sababu kwenye tuta la reli hivyo viwili vina uzito kuliko bei ya baiskeli.

Gia: tairi ya 700x35 ikizunguka mara moja inakwenda kama mita 2.17. Ukitaka kilomita 20 kwa saa huku miguu ikizunguka mara 85 kwa dakika, kila mzunguko wa pedali uende mita 3.9. Hiyo ni meno 38 mbele na 21 nyuma. Watu wengi wa hapa wanapenda gia nzito, 44 kwa 15, wanakanyaga polepole kwa nguvu. Kwa kilomita 10 hakuna shida. Kwa kilomita 70 zisizo na mteremko, goti ndilo linalolipa. Zungusha haraka kwa gia nyepesi. Ukiona umeshuka chini ya mara 75 kwa dakika, badili gia, hata kama njia inaonekana tambarare. Ndiyo ile asilimia 1 aliyoisema mleta uzi.

Siti: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Siti ilale sawa kwa kipimo cha maji. Ikiinamia mbele, uzito wote unahamia viganjani, na ganzi ya kidole kidogo na cha pete itaanza ndani ya saa moja. Ikiinukia mbele, mengine mnayajua.

Kila dakika 10 simama juu ya pedali kwa mizunguko 20 hata kama hujisikii kuchoka. Hamisha mikono kwenye usukani. Kama usukani ni mnyoofu, funga pembe ndogo za kushikia mwishoni ili upate mkao wa pili.

#8 MwanaKigamboni

Na mwenye gia moja mzee wangu? Kuna kijana ana baiskeli nzuri ya gia moja, anauliza kama aiache.

#9 FundiWaMagomeni

Asiiache, tuta la reli ni miongoni mwa njia chache za mashambani ambako gia moja inafaa kweli. Aweke 42 mbele na 18 nyuma. Akizungusha 80 kwa dakika anakwenda kilomita 24 kwa saa, na kwenye asilimia 2 akishuka hadi 60 bado yuko 18. Ila lazima iwe na breki mbili.

#10 Dada_Peleka_Kengele

Sasa hatari. Watu husema hakuna magari basi hakuna hatari. Zipo, ila za aina nyingine.

Mizizi. Miti iliyoota pembeni ya tuta hutafuta unyevu chini ya lami, mizizi inanenepa na kuinua lami mgongo kwa mgongo, ikikatiza njia. Kivuli cha majani kinaificha. Ukiingia kwenye kivuli kizito kutoka juani, inua makalio kidogo, viwiko vilegee.

Nyufa za baridi. Minnesota na majimbo ya kaskazini, lami husinyaa wakati wa baridi na kukatika mstari kwa mstari kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yanaingia, yanaganda, yanapanua ufa. Unapita juu ya ufa kila baada ya mita kadhaa kwa saa nzima. Ndiyo sababu nyingine ya kutojaza tairi mno.

Nguzo. Kila njia inapokutana na barabara, mara nyingi kuna nguzo katikati kuzuia magari yasiingie. Anayeongoza kundi anaiona, wa tatu haioni kwa sababu ya mgongo wa aliye mbele. Kanuni ya kundi: wa mbele anapaza sauti "Nguzo!", wote wanapanga mstari mmoja, nafasi ya baiskeli mbili kati ya mtu na mtu.

Makutano. Reli ilikuwa na haki ya kupita, wewe huna. Sehemu nyingi Marekani alama ya kusimama imewekwa upande wa baiskeli. Simama kabisa. Kwenye njia za matrekta kuna kokoto na matope yaliyomwagwa juu ya lami, usikate kona hapo.

Madaraja. Ya mbao yakilowa yanateleza sana: nyoosha baiskeli, usifunge breki, usikate usukani. Na pale daraja la zamani lilipoondolewa, njia inashuka ghafla hadi barabarani na kupanda upande wa pili. Hiyo ndiyo miinuko mikali pekee utakayokutana nayo, na inakukuta ukiwa kwenye gia nzito. Badili gia kabla hujashuka.

Mahandaki. Lile la Staple Hill kwenye njia ya Bristol na Bath lina taa. Combe Down, pembeni ya mji wa Bath, lina zaidi ya kilomita moja na nusu, lilifunguliwa kwa baiskeli 2013. Hata penye taa, washa yako. Lumeni 300 zinatosha, ielekeze chini. Vua miwani ya jua kabla ya mdomo wa handaki, na vaa koti jepesi, kwa sababu ndani ni baridi hata nje kukiwa na joto.

#11 Ramani_Mkononi

Dada amemaliza kazi. Niongeze moja tu: Oktoba na Novemba majani yaliyoanguka yakilowa yanateleza, na yanaficha mizizi hiyo hiyo. Mei hadi Septemba ndiyo msimu. Minnesota majira ya baridi njia ile inatumiwa na pikipiki za theluji.

Na tazama vibao vya maili pembeni. W&OD vimewekwa kila nusu maili. Ikitokea ajali usiseme "tuko msituni karibu na ng'ombe". Taja kibao cha mwisho ulichopita au jina la barabara uliyovuka. Marekani piga 911, Ulaya bara 112, Uingereza 999 au 112.

#12 Kariakoo_Express

Wenye kukodi huko huko wana la kuzingatia?

#13 FundiWaMagomeni

Breki. Baiskeli tulizozoea hapa, na za Uingereza, mkono wa kulia kwa kawaida unafunga breki ya mbele. Marekani na Ulaya bara ni kinyume, breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Mtu aliyezoea kubana kushoto kwa nguvu, akifanya hivyo huko, anaweza kurushwa juu ya usukani. Kabla ya kuondoka dukani, inua gurudumu la mbele, lizungushe, bana mkono mmoja mmoja, ujue upi ni upi. Nyingine Ujerumani zina breki ya habu, unarudisha pedali nyuma inafunga. Usijaribu kurudisha pedali ili kuipanga, utasimama papo hapo.

Pia wanaendesha kulia, isipokuwa Uingereza. Unapita mtu kwa upande wa kushoto wake, baada ya kupiga kengele mapema, mita 20 au zaidi, siyo ukiwa kisogoni kwake. Mwili hukosea unaposhtuka. Ukikutana na baiskeli ghafla kwenye kona, mkono wa mtu wa Dar unavuta kushoto, na huko ndiko anakotokea mwenzako. Mkikaribiana na farasi, punguza mwendo na ongea kwa sauti ya kawaida, mnyama ajue wewe ni mtu.

#14 Mizigo_JNIA

Kwa wanaosafiri na yao. Boksi la katoni la baiskeli mpya, wauza baiskeli mara nyingi wanalitupa, omba mapema. Mpangilio wangu:

Toa pedali kwanza. Ya kulia inafunguka kama skrubu yoyote, kinyume cha saa. Ya kushoto ina uzi wa kinyume, inafunguka kwa kufuata saa. Hapa ndipo watu wanaharibu mkono wa pedali. Spana ya 15, au ya pembe sita ya 6 au 8. Funga utepe kwenye nguzo ya siti kuweka alama ya kimo, kisha ishushe. Toa gurudumu la mbele, weka kipande cha mbao au plastiki kati ya miguu ya foki isikunjike. Fungua kibadili gia cha nyuma kutoka kwenye sikio lake (kipande cha chuma kinachokishikilia kwenye fremu), kifunge kwa kitambaa ndani ya pembetatu ya nyuma, bila kukata kebo. Sikio hilo ni laini kwa makusudi, likipinda gia zote zinaruka, kwa hiyo nunua la akiba linalolingana na fremu yako. Breki za diski: ingiza kadibodi kati ya pedi zake, na usibane mkono wa breki gurudumu likiwa limetoka. Tairi punguza hewa kidogo tu, zilinde rimu.

Mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi iache nyumbani, beba pampu ya mkono. Betri za lithiamu za akiba ziende kwenye mkoba wa mkononi. Betri ya baiskeli ya umeme inayozidi wati-saa 160 haipandi ndege ya abiria, na karibu zote zinazidi, basi ya umeme kodi huko. Uzito, mashirika mengi ni kilo 23, soma masharti ya tiketi yako kabla ya kulipa.

#15 GiaTatu_Tabata

Nashukuru sana wote. Mazoezi Dar: tatizo letu ni kupata kilomita 50 za kukanyaga bila kusimama. Napendekeza barabara ya Kigamboni kuelekea Kimbiji asubuhi mapema, wakati wa kusi. Unakwenda ukiupasua upepo, unarudi ukisukumwa. Upepo wa mbele wa kilomita 10 kwa saa unaongeza kama wati 65 kwenye ile hesabu ya juu, zaidi ya mwinuko wa asilimia 1. Kwa hiyo kusi ndiyo reli yetu. Gia nyepesi, mizunguko 85, usiache kukanyaga hata dakika moja isipokuwa kwa usalama. Anza na dakika 60, ongeza 20 kila wiki hadi ufike saa tatu. Maji mililita 500 hadi 750 kwa saa.

#16 Mdau_wa_Mtwara

Wakuu, na hapa kwetu haiwezekani? Reli ya kusini iling'olewa zamani.

#17 Ramani_Mkononi

Ndugu, umegusa penyewe. Ile reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947, mpango ukaanguka, na reli ikang'olewa miaka ya 1960. Haijawekwa lami kwa ajili ya baiskeli. Lakini kimsingi tuta la namna hiyo ndilo malighafi yenyewe: mwinuko mdogo, kona pana. Kinachoua wazo kama hili popote duniani ni ardhi kugawanywa vipande vipande baada ya reli kuondoka.

Kwa reli zilizo hai hapa, ya zamani ya kati, TAZARA na SGR, nawasihi sana mtu asiendeshe pembeni mwa mataruma. Ni marufuku, na treni ya umeme inafika kabla hujaisikia.

#18 MwanaKigamboni

La mwisho. Vennbahn, nianzie upande gani? Na pancha njiani?

#19 SpokuMoja

Pancha: tyubu mbili za akiba, vijiti vitatu vya kubandulia tairi, viraka, solusheni mpya (ikishafunguliwa hukauka ndani ya miezi). Badilisha tyubu njiani, kiraka weka ukifika. Kabla ya kuingiza tyubu mpya pitisha kitambaa ndani ya tairi yote, mwiba ukibaki utatoboa tena baada ya kilomita mbili. Majimbo makavu ya magharibi ya Marekani yana mbigili zile zile za kwetu, huko weka tairi yenye tabaka la kuzuia miiba. Kiraka: sugua kwa msasa, paka solusheni nyembamba kuzidi kiraka, subiri hadi isiwe inang'aa, kama dakika tano, ndipo ubandike na kukandamiza.

#20 Ramani_Mkononi

Ukianzia Aachen unapanda polepole kwa muda mrefu siku ya kwanza, miguu ikiwa mipya. Ukianzia Troisvierges unamalizia kwa kushuka kuelekea Aachen. Kwa mtu asiyezoea nashauri Troisvierges: treni za Luxembourg zinabeba baiskeli bila malipo, stesheni iko pale pale, na siku ya mwisho inakuwa nyepesi. Gawa siku tatu, kilomita 40 hivi kila siku. Malazi weka nafasi mapema kwa Julai na Agosti, na Jumapili beba chakula kabisa, maduka ya vijijini upande wa Ujerumani kwa kawaida hufungwa.